Kiti cha Mama Mkwe

Ta! Mlio mmoja tu, mkavu, kama kuni iliyovunjiwa gotini. Mwaka umepita na bado Chapu anausikia. Anausikia mlango ukifungwa, kikombe kikiwekwa mezani, mtu akikunja vidole. Akialikwa mahali, hukibonyeza kiti kwa kiganja kwanza, mara mbili, mara tatu, kisha hukalia ukingo wake kama mtu anayetaka kuaga.

Ulikuwa mlio wa kiti alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Aliyekikalia alikuwa mama mkwe wake.

Jina la Chapu alilipata kiwandani, alikoshona midomo ya magunia kwa miaka kumi na tisa. Huko mashine haikumngoja mtu; ukikosa gunia moja, la pili lilikuwa limeshakufikia kifuani. Alizoea kula amesimama na kujibu swali kabla halijaisha. Mkewe alimtania, "Wewe hata usingizi unaulala mbiombio." Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mdogo wa mkewe, seremala, akamwambia, "Njoo karakanani, shemeji. Mbao hazina miguu, hutapata wa kumkimbiza."

Wiki ya tatu tu, akatengeneza kiti. Aliunga miguu kwa gundi asubuhi ya Jumapili, akavikaza vibano vya chuma kama alivyomwona shemeji akifanya. Sheria ya karakana ile ni moja: gundi hungojwa mchana na usiku wake, na siku za mvua hungojwa mara mbili. Lakini mama mkwe alikuwa anakuja mchana uleule, na Chapu alitaka aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa kukaa bure. Baada ya saa mbili akavifungua vibano. Kiti kikasimama vizuri. Kiti chenye gundi mbichi husimama vizuri sana. Hakisemi lolote mpaka kikaliwe.

Mama alivunjika nyonga. Alipotoka hospitali, alirudi na fimbo, hakurudi na lawama. Alikuja kuwaona, akaletewa kiti cha dukani chenye mto, akasema, "Nimepita tu, wanangu." Akanywa chai yake wima, mlangoni, fimbo mkono mmoja, kikombe mkono mwingine. Mwezi uliofuata, vilevile. Chapu alitamani hata atukanwe. Tusi huwa na mwisho. Kule kusimama hakukuwa na mwisho, na kila mama alipohamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, jasho lilimtoka mkwewe.

Shemeji hakumfukuza. Alimpa kipande cha msasa, akamwonyesha rundo la mbao.

"Kazi yako hii."

"Mpaka lini?"

"Kila ukiuliza mpaka lini, naongeza mwezi."

Akasugua. Mwanzoni alisugua kama anayefukuzana na magunia, mbao zikatoka na mikwaruzo. "Hilo si sufuria, shemeji!" Jirani mmoja, mshona viatu, alipita akamliwaza kuwa mvumilivu hula mbivu. "Mbivu za mbao?" Chapu akauliza, akameza vumbi. Hakuona kama anajifunza chochote. Ila siku moja, mwezi wa saba hivi, kiganja chake kilisimama chenyewe juu ya ubao, mahali ambapo macho hayakuona kitu. Palikuwa na kibonde chembamba kama unywele. Shemeji akapapasa, akaenda zake. Siku hiyo Chapu alikula chakula cha mchana ameketi.

Mwaka ulipotimia, shemeji alimwekea mbao nne nzuri mbele yake.

"Kiti kimoja. Cha mama."

"Mama gani?"

"Tuna mama wangapi?"

Alikitengeneza kwa wiki tatu. Kila ulimi wa mbao aliuingiza kwenye tundu lake ukiwa mkavu, akautoa, akaupunguza kidogo, akauingiza tena. Ijumaa asubuhi akapaka gundi na kubana. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo ilikuwa afungue Jumapili. Ijumaa nzima hakukaa karibu na kiti, ila hakukaa mbali nacho pia.

Jumamosi, alasiri, mama akaingia karakanani, ameshikwa mkono na binti yake. Walitoka kliniki, na nguo zao zilikuwa na matone. Mama alikitazama kiti ndani ya vibano vyake.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, mama," akasema Chapu.

"Basi kifungueni nikae. Nimechoka."

Randa ya shemeji ikanyamaza. Mwaka mzima mwanamke yule hakuwa amelitamka neno hilo, nikae, mbele ya mkwewe. Mke wa Chapu akamsogelea, akamnong'oneza, "Baba watoto, fungua. Amesema mwenyewe. Akiondoka leo, unajua kama atasema tena?"

Hakujua. Akamtazama shemeji.

"Usinitazame mimi," shemeji akasema. "Fundi wa kiti hicho ni wewe."

Chapu akashika mpini wa kibano. Mikono ya kiwandani ikajua mara moja la kufanya: zungusha, maliza, lingine linakuja. Akaanza kuuzungusha. Ta! Hapakuwa na kitu kilicholia, kiti kilikuwa kizima, lakini aliusikia mpaka kwenye meno. Akaukaza mpini tena. Akainama palipochuruzika tone la gundi, akalibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama.

"Vipi?" mama akauliza. "Nina miaka sabini na mitatu, nyonga yangu inaniuma, na kiti changu kiko mbele yangu. Nangoja nini?"

Mkewe alifumba macho. Chapu akavuta benchi la kazi, benchi pana la shemeji lisilo na gundi mahali popote, akalifuta vumbi kwa shati lake, akaliweka nyuma ya mama, asimguse. Mama hakukaa. Chapu akachuchumaa mbele yake, sauti yake ikawa ndogo kuliko mvua iliyokuwa juu ya bati.

"Bado, mama. Kesho."