Mishiri ya Mbithe na Kitambaa Chekundu

Mbithe alihamia Kisaju mwaka 1994 akiwa mjane mwenye watoto watatu, akakodi ekari moja karibu na kisima na kuanza kulima mishiri, yale maharagwe machanga yanayoliwa na maganda yake. Hakuila yeye wala watoto wake. Yote iliyokubaliwa ilipelekwa Ulaya kwa ndege. Kwa miaka kumi hakuna aliyemuuliza aliilimaje.

Mwaka 2004 mambo yakabadilika. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekaza masharti, na mishiri yenye mabaki ya dawa ya wadudu kupita kiwango ingerudishwa. Kampuni iliyonunua kwa Mbithe ikamkabidhi daftari: aandike siku aliyonyunyizia na siku aliyochuma. Asiyekuwa na daftari safi angeondolewa, na Mbithe hakuwa na mnunuzi mwingine. Kwa kuwa aliishia darasa la pili, aliniletea mimi, jirani yake mwenye shahada.

"Mwalimu, mimi nitasema, wewe uandike."

Mimi si mwalimu. Nilikubali kwa sababu ilinipendeza kuhitajiwa, kisha nikazembea. Kila aliponitajia siku, nilimwambia nitaandika kesho. Asubuhi ya ukaguzi nilijaza miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, nikibuni tarehe. Hadi leo sijaamua kama ule ulikuwa uvivu au dharau.

Afisa wa kampuni, kijana aliyeitwa Githongo, alilifungua daftari pale shambani.

"Mama, umenyunyizia tarehe nane, ukachuma tarehe kumi. Dawa hii inataka siku saba!"

"Siku mbili? Mimi? Hapana."

"Ndivyo imeandikwa. Nitalazimika kukutoa."

Mbithe alinitazama.

"Tarehe hizo ni zangu," nikasema. "Nilizibuni."

"Basi ni mbaya zaidi. Hakuna rekodi kabisa."

Wakati huo Katoo, jirani mfugaji, alifika langoni na mbuzi wake, akamsalimu Mbithe kwa lugha ya kwao, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Sopa, Mama Kimeu! Naona kitambaa kimetoka. Naweza ingiza mbuzi?"

"Kitambaa gani?" Githongo akauliza.

Mbithe akaeleza. Mbuzi wa Katoo hula magugu ya pembeni mwa shamba na mishiri iliyokataliwa. Mwaka wa kwanza wawili walikufa kwa dawa, na tangu hapo wakakubaliana: Mbithe akinyunyizia, anafunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya lango, na hakishuki mpaka Jumapili mbili zipite. Kikiwa juu, mbuzi haingii na yeye hachumi.

"Kama mbuzi haiwezi kula, mzungu atakula?" akamalizia Mbithe.

Githongo alijitahidi asicheke. "Mara ya mwisho kilikaa siku ngapi?"

"Kumi," Katoo akajibu haraka. "Siku kumi nimepeleka mbuzi ng'ambo ya barabara ya Namanga. Uliza mbuzi, zitakuambia na saa."

"Ulaya hawasomi kitambaa, mzee. Nitabeba mishiri ipimwe. Ikipatikana na dawa, mama ametoka."

Siku tisa zilizofuata nilipita njia ya nyuma ili nisikutane naye. Niliwazia karo ya watoto wake, na kwamba nilikuwa nimepewa kazi moja tu, ya kalamu, ambayo ndiyo pekee niliyodai kuijua.

Siku ya kumi Mbithe aligonga mlango wangu. Alikuwa na daftari jipya mkononi.

"Imepita," alisema. "Haina dawa hata kidogo."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Nilimwomba msamaha, maneno mengi yaliyopangwa vizuri, na yeye akangoja yaishe. Kisha akanionyesha ukurasa wa kwanza. Githongo alikuwa amemruhusu ajaze mwenyewe kwa namna yake: siku ambazo kitambaa kiko juu, anachora kitambaa kidogo kwa kalamu nyekundu. Viwili vilikwisha kuchorwa, kimoja kimepinda.

"Imebaki tarehe tu," akasema, akinipa kalamu. "Na uandike sasa, Mwalimu. Nimesimama hapa."

Nikaandika.