Unga wa mahindi ulivyomrudishia fundi kodiani mkono wake

Saa mbili asubuhi, mtaa huu wa magharibi mwa San Antonio, Texas, unanukia mahindi yaliyochemshwa. Katika chumba kilicho nyuma ya duka la chapati za mahindi, Eulalia Zertuche ameinamia kodiani iliyofunguliwa kifua. Anakwangua ulimi mmoja wa chuma kwa tupa ndogo, anaupuliza, anasikiliza, anakwangua tena.

"Kidogo kidogo," anasema bila kuinua macho. "Ukizidisha, umeharibu sauti ya mtu."

Ana miaka sitini na tatu. Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe, Anselmo, na kwa miaka thelathini na minne bendi nyingi za dansi za hapa zimepita mezani pake. Kodiani moja humchukua siku nne, naye hutoza dola mia tatu.

"Si utajiri," anasema, "lakini binti zangu wawili wamesoma."

Februari mwaka huu, tupa ilimdondoka. Akainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa siku tisa. Aliporudi nyumbani alitembea na kuzungumza vizuri, ila vidole vya kulia havikuweza kushika hata kijiko.

"Kijiko sikujali," anasema. "Niliziangalia zile kodiani kumi na moja rafuni, nikaona haya. Nilikuwa nimewaahidi wenyewe."

Akawapigia simu mmoja mmoja waje kuzichukua. Wa kwanza kufika alikuwa Baldemar Quiroga, mwashi ambaye Jumamosi hupiga kodiani kwenye harusi.

"Yuko fundi mzuri mjini Laredo," Eulalia alimwambia.

"Mama, hii kodiani ya baba ina kisirani. Wewe ndiye unayeelewana nayo. Nitaazima ya binamu yangu, nisubiri."

"Na mkono usiporudi?"

"Nitaendelea kusubiri. Kwani nahama?"

Wengine nao walijibu vivyo hivyo. Ni wawili tu waliochukua vyombo vyao, na mmoja wao alirudi kesho yake na sufuria ya supu ya utumbo, kuomba radhi.

Hospitalini alikuwa amepewa kimpira cha kuminyaminya. Akakitia kwenye droo. Ndipo Chona, dada wa Anselmo na mwenye duka la chapati, alipoingia amebeba beseni la unga uliokwisha loweshwa.

"Wifi, kimpira kiko wapi?"

"Kinaniudhi."

"Haya, kanda huu. Huu ukikuudhi, angalau tutaula."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, redio ikipiga muziki wa kodiani, Eulalia alikanda. Wiki za mwanzo alilia. Chapati zilitoka zimepinda, lakini Chona aliziuza hivyo hivyo.

"Hii ni chapati au ramani ya Texas?" mteja mmoja aliuliza.

"Kula," Chona alimjibu. "Ukifika Houston, nipigie simu."

Eulalia anasema hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Baada ya miezi mitatu kidole gumba kiliamka. Baada ya miezi mitano, mnamo Julai, alishika tupa. Kodiani ya Baldemar ilimchukua wiki tatu badala ya siku nne. Mwenyewe alipokuja, aliipiga palepale kwenye baraza, wimbo mzima, kisha akabaki ameikumbatia.

"Ina kasoro?" Eulalia aliuliza.

"Hapana, mama. Nilikuwa namsikiliza baba."

Chona, mikono imejaa unga, aliwatazama kutoka mlangoni. "Vizuri," alisema. "Sasa mimi nani atanikandia?"

Leo zimebaki kodiani mbili rafuni. Mkono bado huchoka ifikapo saa nane mchana, naye huupumzisha bila kulalamika.

"Nilidhani wananihitaji kwa sababu ya mkono," anasema. "Kumbe walikuwa wananipenda mimi. Nashukuru nimelijua hilo nikiwa hai."

Oktoba kutakuwa na dansi kwenye ukumbi wa parokia, na Baldemar ndiye atakayepiga. Eulalia ameshanunua viatu. Miaka yote hii, anasema, alikuwa akikaa pembeni ya jukwaa, sikio likitafuta sauti iliyokosea.

"Safari hii hata wakikosea sitaki kujua. Nataka kucheza tu."