Rukia Wangu Ni Meneja

Rukia wangu amekuwa meneja wa benki Mombasa, tawi zima!

Assalamu alaikum jamani, furaha imenisahaulisha salamu.

Mwaka jana alipokubali kwenda Kizingitini, kwenye ofisi ndogo ambayo wenzake waliikataa, watu walisema mtoto ametupwa. Hata mimi nililia. Akaniambia, "Mama, hiyo ndiyo ndia ya kupandia cheo. Nikiistawisha ile ofisi, watanitafuta wenyewe."

Wamemtafuta, wallahi!

Sasa sikizeni ya leo. Kanipigia simu ya video kunipa habari. Mimi mbio kwenye chetezo, nikatia udi, nikaifukiza simu pande zote, maana macho ya watu hayana dogo.

"Mama, wacha! Mkubwa wangu yuko hapa, anakuona!"

Yarabi, na mimi kichwa wazi! Nikajitupia leso.

Yule bwana akaingiza uso kwenye simu. "Bi, usizime. Nifukize na mimi, nimekaa cheo kimoja siku nyingi."

Nikamfukiza. Mnacheka nini? Mwana wa watu pia.

Basi situmi mtu kupita majumbani kualika. Mualiko ndio huu: dua na biriani, kwangu Langoni, Ijumaa hii baada ya Alasiri.