Samadi ya Baba Mkubwa

Baba alipofariki, kaka yake mkubwa alisubiri matanga yaishe ndipo akamwambia mama neno lake. Shamba la Nyololo ni la ukoo. Mama apande miti. Ikishika, atabaki, ikifa, tuhame. Huku kwetu mwenye miti ndiye mwenye ardhi, na mama hakuwa na hata kichaka.

Akapanda misindano, ile ambayo watu wa Iringa mjini huinunua Desemba wakaipambe sebuleni. Mchwa wakaivamia. Mama alibomoa kichuguu baada ya kichuguu, na kila malkia wa mchwa aliyempata aliwatupia kuku huku akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, nami nilifurahi. Akaweka majivu mashinani, miche ikaanza kuchipua.

Baba mkubwa akapita, akaitazama kwa muda. Kesho yake akaleta tela zima la samadi.

"Shemeji, udongo wako una njaa. Weka hii kila mche."

Ilikuwa mbichi, bado ina moto, na imejaa funza weupe, wanene, waliojikunja. Mama aliwaona. Nikamwambia tuirudishe.

"Mkubwa wa mume wako akikupa kitu, unakataa kwa mdomo gani?"

Mama akapiga magoti, akashukuru, akaimwaga. Adabu hiyo naichukia hadi leo.

Funza wakahamia mizizini. Tulifukua, tukawaokota kwa mikono, tukawaponda kwa mawe, tukawafungulia kuku. Dawa ya duka la pembejeo ilifika maji yakiwa yameshamwagika. Miche ikawa ya kahawia, ukiushika mmoja unang'oka bila ubishi, mizizi yote imeliwa.

Baba mkubwa aling'oa mmoja, akaugeuzageuza, akatabasamu.

"Samadi mbichi kwenye miche? Hata mtoto anajua hiyo. Ardhi imekukataa, shemeji."

Mtu yule hana haya. Alipanda misindano yake palepale, na samadi hakuweka hata konzi moja. Imestawi, siwezi kudanganya.

Krismasi iliyopita alituletea msindano mmoja kwa bodaboda, tuupambe kwenye chumba chetu cha kupanga. Nilitaka kuutupa barabarani. Mama alinisukuma kando, akaupokea kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya kijana wa bodaboda.

"Mwambie baba mkubwa tumeupata," akasema. "Mwambie asante sana."