Siku Baba Aliposhinda Mieleka

Harufu ya majivu yaliyolowa hunirudisha kijijini kwetu Bweranyange, mimi ambaye siku hizi safari yangu ndefu kuliko zote huishia kibarazani. Baba alikuwa na nguvu kuliko wote, lakini katika mieleka ya mavuno ndiye aliyepakwa majivu, akawa mbaya wetu. Desturi ilitaka mbaya aanguke, ubaya wa mwaka ubaki mavumbini.

“Baba yako leo atakula nyasi kiasi gani?” wenzangu walinitania.

Nikamnong'oneza, “Baba, leo mwangushe.”

Akamwangusha mpinzani wake, mwema aliyepakwa samli, kwa mweleka mzuri kuliko yote niliyowahi kuona. Hakuna aliyeshangilia. Watu waliondoka kinyumenyume, wakitutazama. Bibi pekee alibaki. Akamkaribia mwanawe, akainamisha kichwa.

“Shikamoo,” akamwambia. “Mwanangu umemweka wapi?”