Abiria wa Baba

Usiku ule nililala na mafuta ya injini kwenye kucha, goti limefungwa kitambaa, nimejikasirikia mwenyewe. Eda ya mama ilikuwa imekwisha. Hakuvuka kizingiti tangu tumzike baba, na sasa alipopata ruhusa ya kutoka, alisema hatoki ila juu ya vespa ya baba, amekaa upande kama alivyozoea. Chakula alikuwa anakigusa tu. Nilimwona anaisha mbele ya macho yangu, ndipo nikasema kesho asubuhi mimi ndiye nitakayempeleka kwa dada yake. Miaka yote naendesha skuta ya otomatiki, vespa ya gia itanishinda nini?

Ilinishinda. Kwenye otomatiki mkono wa kushoto ni breki. Kwenye vespa ya baba mkono huo ni klachi, na breki iko chini ya mguu wa kulia. Jioni nilikwenda kujaribu. Nikiwa nashuka mteremko wa skuli mbuzi akakatiza, nami nikaminya kushoto kwa nguvu zangu zote. Gia ikaachia, vespa ikazidi mbio, tukaishia kwenye ukuta wa jirani. Mama alikuwa dirishani. Alifunga dirisha.

Nasikia mlio uani. Naujua mlio ule, hukohoa kwanza ndipo ushike. Baba amekaa juu ya vespa na kanzu yake ya Ijumaa, viatu vimejaa udongo mbichi. Yeye sikumwogopa. Niliogopa nilipomwona mama anatoka ndani amejitanda, ananukia udi ambao eda ilimnyima, anatabasamu kama bibi harusi, anakwenda kupanda nyuma.

Kwetu sisi jambo hili linajulikana: maiti akija ndotoni akakuchukua, hukai sana. Nataka kupiga ukelele, sauti haitoki.

Baba akamtazama mama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa na huruma, lakini alimzuia kwa mkono.

"Sichukui abiria," alisema. Kisha akashuka, akanigeukia mimi. "Shika, Zena."

Hatuko uani tena. Tuko kwenye mteremko wa skuli, na chini hakuonekani kitu, giza tupu. Usukani nimeushika mimi. Kuna mikono imenizunguka kiunoni, sijui ya nani, ina baridi, na nachelea kugeuka. Vespa inashuka. Naminya kushoto, inazidi kwenda. Naminya tena, mjinga mimi, naminya mpaka vidole vinakufa ganzi, na upepo unanivua mtandio. Ndipo pumzi ya baba ikanifikia sikioni, inanukia udongo wa mvua.

"Mguu, mwanangu. Mkono uache."

Nikauachia mkono. Nikakanyaga.

Niliamka mguu wangu wa kulia umeusukuma ubao wa kitanda mpaka umelegea misumari. Kulikuwa kumekucha. Mlangoni alisimama mama, amevaa buibui lake la kutokea, ananukia udi. Nilimrukia nikamshika mkono, nikaukuta una joto. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Baba yako kaja," alisema. "Nimejitengeneza vizuri, nikamfuata mpaka uani. Kanikataa, Zena. Mie, mkewe, kanikataa! Kasema hachukui abiria."

Nilimkumbatia, tukalia pamoja. Sikumwambia kwamba nilikuwepo, na wala sikumwambia jinsi nilivyoshukuru kwamba alikataliwa. Nilivaa viatu, nikauchukua ufunguo pale msumarini, nikajaribu kukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, mara moja, kwa nguvu.

"Mimi nachukua," nilimwambia. "Njoo upande, mama."