Fahali wa Mahari

Angetile wa Bujonde alijulikana kwa mitamba. Aliyetaka ng'ombe wa maziwa asiye na matata alielekezwa kwake, nyuma ya migomba, na akishaondoka na mnyama hakurudi kulalamika. Jina hilo alilijenga mwenyewe. Ndama dume alihasiwa mapema, na fahali wa kuzalisha alichaguliwa naye, si mumewe Ezroni.

Kisha Nancy, binti yao wa pekee, akaolewa kijiji cha Ipyana. Katika ng'ombe wa mahari akaja fahali mwekundu, mpana wa kifua, mzuri hata wapita njia wakasimama kumtazama. Angetile naye akapumbazika. Akamwacha apande majike yake.

Ndama wa kwanza alizaliwa na uvimbe kitovuni, laini, ukiubonyeza unarudi ndani. Ngiri. Bwana mifugo akamshona. Ndama wa ng'ombe mwingine akaja vilevile, na mwingine tena.

"Mama Nancy," bwana mifugo alisema akinawa mikono, "mama zao mbalimbali, baba mmoja. Mhasi huyu na wanawe wote wa kiume. Na mitamba yake usimpe mtu azalishe."

Ezroni alicheka bila furaha. "Umhasi ng'ombe wa mahari? Si uende tu Ipyana ukamfunge mwanao kizazi kwa mkono wako!"

Katika ukoo wake ndivyo walivyoshika: fahali wa mahari haguswi mpaka binti azae. Nancy alikuwa hajazaa. Angetile, mzee wa kanisa, hakuyaamini hayo. Lakini aliwajua watu. Mwanawe akichelewa kupata mtoto, lazima atafutwe wa kulaumiwa.

Basi fahali akaendelea. Ndama walishonwa, kovu likafunikwa na manyoya, Ezroni akawauza. Wanunuzi walimtazama Angetile usoni. Akanyamaza, nao wakaridhika.

Mmoja wao alikuwa Tusajigwe, mjane, mwenzake wa kwaya. Mwaka wa tatu, Nancy akiwa bado hajazaa, mtamba aliyemnunua alizaa, ndama akatoka na utumbo nje. Alikuja kwa Angetile mikono ikingali na damu.

"Dada, wewe ndiye unayewajua ng'ombe. Nilimlisha nini kibaya?"

Angetile angeweza kusema majani yalikuwa mabichi mno. Alishafungua mdomo.

"Hukumlisha kibaya. Ni damu ya fahali wangu. Nilijua."

Tusajigwe alifuta mikono kwenye kanga. "Ulijua. Na Jumapili tunaimba kutoka kitabu kimoja." Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi bwana mifugo, aliyeitwa na Angetile, alikuja na koleo la kuhasi. Fahali alinguruma mara moja, akatulia. Ezroni hakumzuia mtu. Alivaa koti, akapanda bodaboda kwenda Ipyana kuwaambia wakwe kwa mdomo wake, ili isije ikasemwa ilikuwa shauri lake.

Wiki haikuisha, Nancy akarudishwa. Wakwe walituma neno moja: mkishaamua kama mnataka ndoa au ng'ombe, mtatuita.

Angetile alimpokea begi. Binti hakuliachia.

"Ulimhurumia mama Tusajigwe," Nancy alisema. "Mimi je, mama?"

"Mwanangu, ndama wale walikuwa wanazaliwa…"

"Wa kwangu hakupewa hata nafasi ya kuzaliwa."

Alikwenda zizini. Fahali, sasa maksai, alikuwa anatafuna majani, macho nusu yamefumba, mzuri vilevile. Nancy akasimama mbele yake.

"Hata hajui alichonyang'anywa," akasema, akaingia ndani kwa baba yake.